Mercedes 1113 iliyolala miaka tisa: cha kufanya kabla ya kugusa ufunguo

Swali: Nimenunua Mercedes-Benz L 1113 ya miaka ya 70, lori lililokuwa la shamba la mkonge huku Muheza. Limesimama chini ya mwembe miaka tisa. Nataka kulirudisha katika hali yake ya zamani kwa mapenzi tu, si kwa kubebea mzigo. Fundi wangu anasema tulifunge mnyororo nyuma ya trekta, tulivute, litawaka. Jirani ananishauri nitoe injini niweke ya Fuso. Nianzie wapi?

Jibu: Hongera kwa lori. Sasa mwambie fundi arudishe trekta lilikotoka.

Sisemi kwamba halitawaka. Injini yake, OM352, ni sugu, na huenda likivutwa mita mia likakohoa kidogo na kuunguruma. Lakini stata ikikutana na kitu kilichonata, inashindwa na kusimama. Trekta halishindwi. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikwa na kutu zitavunjika, valvu iliyoganda kwenye njia yake itapinda pushirodi au itagongwa na pistoni, na beringi za kranki zitazunguka kavu kwa sababu oili yote ilishashuka sampu, bakuli la oili chini ya injini, miaka mingi iliyopita. Na likiwaka kweli, utakuwa na lori tupu la tani zaidi ya nne, lisilo na breki, nyuma ya mgongo wa dereva wa trekta. Kazi hii huanza na vitu vinavyolisimamisha lori. Mlio wa injini uje baadaye.

Kwanza ujue ulichonunua. Malori haya ya boneti fupi yalianza kutoka mwaka 1959. Katika namba 1113, 11 ni uzito wote unaoruhusiwa kwa tani, lori pamoja na mzigo, na 13 ni nguvu ya injini kwa makumi ya farasi, yaani kama 130. OM352 ina silinda sita, sentimita za ujazo 5,675, na dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo usitafute plagi za kupasha moto maana hazimo. Kabla ya kununua hata nati moja, linganisha namba ya chesisi na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Isiposomeka, safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usiguse na grainda.

Anza na magurudumu, kwa kuwa hapo ndipo pa kufia. Lori lako lina rimu za pete, zile ambazo tairi la tyubu hubanwa na pete ya chuma upande mmoja. Pete hiyo ikila kutu kwenye mfereji wake, tairi hushikiliwa na kitu kisichokaa sawasawa, na upepo wa psi 90 au 100 nyuma yake hurusha chuma kwa nguvu ya kukata kichwa. Tairi lililokaa miaka bila upepo lisijazwe likiwa kwenye gari. Fanya hivi: toa sindano ya valvu, hakikisha upepo wote umekwisha, pitisha waya kwenye valvu kuona kama haijaziba, ndipo ulegeze nati za gurudumu. Fungua tairi, toa tyubu na flapi, kisha piga brashi ya waya kwenye rimu na pete hadi chuma kionekane. Pete yenye ufa, iliyopinda, au yenye mashimo ya kutu mahali inapokaa ni chuma chakavu. Usiichomelee. Wala usichanganye pete ya rimu moja na rimu nyingine kwa kuwa tu imeingia. Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu na wa kujishikiza wenyewe kwenye valvu, na mtu asimame upande wa kashata za tairi, asiwe mbele ya pete. Vijana wengi wa pancha hujaza huku wamekanyaga pete kwa mguu. Usikubali wafanye hivyo kwenye lori lako, hata wakikuhakikishia kwamba ndivyo wafanyavyo kila siku.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka, mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Kashata zinaweza kuwa nzima kabisa huku waya za ndani zimeoza.

Kuliinua, jeki peke yake haitoshi. Tafuta vipande vya slipa za reli, vipange kwa kukingamana chini ya eksili na chesisi, lori likae juu yake.

Sasa injini, kwa mikono. Legeza nati ya sampu taratibu, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Kijiko kimoja cha maji ni unyevu wa miaka tisa. Yakiwa nusu lita, fikiria gasketi ya silinda hedi au ufa, na usiendelee hadi ujue yameingilia wapi. Toa oili yote na filta.

Toa nozeli zote sita, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Zimebanwa na nati ya pete yenye mikato, nayo ina soketi yake. Ukigonga kwa tindo utaharibu meno yaliyomo kwenye hedi. Kila nozeli ina washa ya shaba chini yake, na mara nyingi washa hiyo hubaki shimoni. Mulika tochi uitoe. Fundi akiweka mpya juu ya ya zamani, nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa, dizeli inapiga mahali pasipo pake, na utatafuta chanzo cha moshi mwezi mzima. Peleka nozeli kwa mtu wa pampu azipime, zifunguke kwenye bar 200 hivi, zitoe ukungu bila kudondosha.

Katika kila tundu mimina vijiko vitatu vikubwa vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Acha siku tatu, ongeza kidogo, acha tena. Kisha vua kifuniko cha valvu, mwagia oili kwenye roka na springi zote, na uzungushe injini kwa spana kwenye nati ya puli ya kranki, gia ikiwa huru. Bila nozeli hakuna mgandamizo, kwa hiyo inapaswa kwenda kwa nguvu ya mkono wa kawaida. Ikigoma, irudishe nyuma kidogo, kisha mbele, kama unavyofungua bolti yenye kutu. Usiongeze bomba refu kwenye spana. Mtu mmoja azungushe na mwingine aangalie valvu zote kumi na mbili zikishuka na kupanda. Isiyopanda na wenzake imeganda. Mwagia oili, igonge kidogo kwa nyundo ya mbao, na usizungushe tena mpaka iachie.

Ikishamaliza mizunguko miwili kamili bila kukwama, rekebisha tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, injini ikiwa baridi: milimita 0.20 valvu za kuingiza, 0.30 za kutoa. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, kwa hiyo silinda 1 ni pacha wa 6, 5 wa 2, na 3 wa 4. Valvu za silinda 6 zikiwa zinapishana, moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, ndipo upime za silinda 1. Endelea hivyo kwa kila pacha.

Hapo lori bado halijaguswa mahali panapoharibu injini nyingi zilizolala, yaani pampu ya dizeli. Pampu ya Bosch ya mstari ina vipistoni sita, na vyote huamriwa na fito moja la chuma linaloteleza, mafundi huliita raki. Injini ikiwa imezimwa, springi za gavana, kidhibiti kasi cha pampu, hulisukuma fito hilo upande wa dizeli nyingi ili kusaidia kuwasha. Kwa hiyo pampu iliyolala miaka tisa na kunata kwa gundi ya dizeli kuukuu, kwa kawaida imenatia kwenye dizeli kamili. Ukiiwasha hivyo, injini inapaa, kebo ya kuzimia inavutwa bila faida, na baada ya nusu dakika kuna koni rodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, nje ya bloki.

Vua kifuniko cha ubavuni mwa pampu. Sukuma raki kwa kidole. Iteleze pande zote mbili bila kukwaruza, na ukivuta kebo ya kuzimia iende mpaka mwisho na kurudi yenyewe. Ikinata, mwagia dizeli safi iliyochanganywa na oili nyepesi, acha usiku kucha, jaribu tena kwa kidole tu. Usitumie bisibisi kuikwangua. Ikishindikana, pampu ivuliwe iende mezani kwa mtu wake. Angalia pia kama pampu yako ina kijiti chake cha kupimia oili, kwa kuwa baadhi hutumia oili yao wenyewe na hakuna anayekumbuka kuibadilisha.

Tangi la dizeli la zamani liache kando kwa sasa. Chini yake kuna maji, kutu na ute mweusi wa vijidudu vinavyoishi kati ya maji na dizeli, na ukiutingisha utaziba filta mpya kabla ya chakula cha mchana. Tumia dumu la lita 20 la dizeli safi lililowekwa juu kidogo ya pampu, mipira mipya, na filta mpya. Safisha kichujio kidogo kilicho kwenye pampu ya mkono. Piga pampu ya mkono huku skrubu ya kutolea hewa juu ya filta ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe.

Maji: fungua rejeta na bomba la bloki. Kikitoka kitu kama supu ya udongo mwekundu, jaza maji yenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa kila lita. Utayatumia injini itakapowaka: ipate joto dakika ishirini, umwage, usuuze mara tatu. Halafu weka kulanti. Kwetu hakuna barafu, lakini kilichomo ndani ya kulanti cha kuzuia kutu ndicho unachokinunua. Na utakuta thamostati imetolewa. Karibu kila lori la zamani huku limetolewa thamostati kwa imani kwamba hupoza injini. Irudishe. Bila hiyo, sehemu ya maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani joto linaweza kupanda zaidi. Tambarare nako injini inakaa baridi, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda. Hii hufunguka kwenye digrii 80 hivi. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto.

Sasa breki, na hapa usiwe na haraka. 1113 ina breki za upepo juu ya haidroliki: kompresa hujaza tangi, ukikanyaga pedali upepo husukuma busta, busta husukuma masta silinda, na kwenye magurudumu ni maji ya breki yanayofanya kazi. Kwa hiyo una mifumo miwili, na yote miwili imeoza kwa namna yake.

Drami likiwa limeshikana na viatu vya breki, usilivute gari ili liachie, maana ribiti hukatika na laini hubaki zimeng'ang'ania. Legeza marekebisho, gonga drami kwa nyundo kuzunguka ukingo, lipe muda. Ukifungua, usipulize vumbi kwa kompresa. Laini za miaka ile zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, na kitambaa ukifunge kwenye mfuko ukitupe.

Fungua wili silinda zote. Mikwaruzo midogo inaondoka kwa msasa laini wa maji. Mashimo ya kutu hayaondoki: nunua mpya, au peleka kwa fundi mashine aweke slivu ya stenlesi. Raba zote mpya, zipakwe maji ya breki wakati wa kufunga, kamwe si grisi. Hapa pwani kuna kosa linalorudiwa sana, la kuongeza oili ya haidroliki au ya stelingi kwenye kopo la breki kwa sababu «yote ni haidroliki». Oili ya madini huvimbisha raba hizo mpaka zinabana kama kizibo. Ukifungua masta silinda ukakuta raba laini, nene kuliko mpya, ujue ndilo lililotokea, na hapo kila raba ya mfumo mzima, pamoja na mipira, itupwe. Bomba nazo zioshwe kwa spiriti.

Mipira ya breki badilisha yote bila kuikagua. Ule wa zamani huvimba ndani: presha ya mguu inapita, lakini kurudi hakuna nguvu ya kuisukuma, basi gurudumu linabaki limeshikwa na kuchemka. Likikutokea baadaye, fungua nipo ya kutolea hewa ya gurudumu hilo. Likiachia pale pale, zuio liko juu yake, na mpira ndio mshukiwa wa kwanza.

Tumia DOT 4, nunua lita tatu. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Maji haya hufyonza unyevu, na kwa hewa ya Tanga yabadilishe kila mwaka. Upande wa upepo, fungua mabomba ya chini ya matangi kumwaga maji, safisha valvu, na injini ikiwaka ngoja gavana ya kompresa ikate upepo, kati ya bar 7 na 8. Zima, angalia geji dakika kumi. Ikishuka zaidi ya nusu bar, chukua maji ya sabuni utafute povu.

Kuwasha sasa. Jaza filta ya oili kabla ya kuifunga, weka oili ya dizeli 15W-40. Nunua ndoo ya lita 20, na kijiti ndicho kikuambie pa kuishia. Kabla ya kurudisha nozeli, piga stata sekunde kumi kitambaa kikiwa juu ya matundu, ule mchanganyiko wote utoke. Usipoutoa, pistoni itakutana na kimiminika kisichobonyea na koni rodi itapinda. Rudisha nozeli, vuta kebo ya kuzimia, piga stata vipindi vya sekunde kumi na mapumziko ya dakika, mpaka geji ya oili isogee. Hapo tu ndipo uachie kebo. Legeza nati za bomba tatu kwenye nozeli, piga stata hadi zitoe dizeli, kaza, na piga tena.

Filta ya hewa ni ya oili. Ioshe, ujaze mpaka alama na usizidishe, kwa kuwa oili ikizidi huvutwa na injini ikawa dizeli isiyozimika kwa kebo. Siku ya kwanza acha mdomo wa kuingizia hewa wazi, na mtu asimame karibu na ubao bapa wa kuuziba. Asitumie mkono. Na yeyote asikuletee petroli wala lile kopo la kupuliza etha ili injini iwake. Oili isipopanda ndani ya sekunde kumi, zima. Moshi mweupe utakuwepo, ukipungua injini ikipata joto hakuna neno. Usiiache ikilia silensa, lori likiwa limesimama, saa nzima ili «izoee». Itembeze.

Klachi huenda imeshikana na flaiwili. Kanyaga pedali, ikingie gogo, acha siku mbili tatu, mara nyingi huachia. Giaboksi weka oili ya GL-4, difu GL-5. Ukibadilisha nafasi, GL-5 hudhuru shaba za sinkronaiza. Piga grisi kingi pini na bushi zote za springi mpaka ya zamani itoke, na angalia sili za propela shafti na difu, kwa maana nyuzi za mkonge hujisokota pale na kukata midomo ya sili.

Umeme: soma bamba la stata na altaneta kabla ya kununua betri, usikisie volti. Fyuzi ni zile za kigae zenye ncha mbili, na ncha zake huota ukungu mweupe. Zizungushe kwa kidole mara tatu nne kabla hujamlaumu fundi umeme.

Bodi na rangi ni kazi ya mwisho, na sina mengi. Chunguza sakafu ya kebini, chini ya ngazi za milango, pembe za chini za raba ya kioo, na nyuma ya taa za mbele. Kata hadi bati zima, chomelea bati la milimita 1 au 1.2, betri na altaneta zikiwa zimefunguliwa nyaya. Puti isizidi milimita 3. Ndani ya mabomba ya bodi puliza nta ya kuzuia kutu. Usiweke oili chafu ya injini badala ya nta, ina asidi na hula raba. Na kama maandishi ya shamba bado yanasomeka mlangoni, ningekuwa wewe nisingepaka rangi milango hiyo. Rangi mpya utaipata wakati wowote.

Kuhusu injini ya Fuso: jirani anafikiria mzigo, na kwa mzigo ana hoja. Kwako utabadilisha mikono ya injini, hausi ya klachi, urefu wa propela na nusu ya nyaya, upate lori lisilo 1113 wala Fuso. Vipuri vya OM352 vinapatikana kuliko watu wanavyodhani. Brazil iliunda L 1113 kwa wingi sana. India nayo, Tata ilijifunza kuunda malori chini ya mkataba na Daimler-Benz wa mwaka 1954 uliomalizika 1969, na injini yake ya 697 ina ujazo ule ule wa 5,675. Kwa hiyo ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, uliza pia vya Tata 697. Lakini usinunue kwa jina. Pima pistoni: kipenyo milimita 97, kisha kimo kutoka pini hadi utosini, upana wa mifereji ya ringi, na umbo la shimo la juu. Gasketi ya hedi iweke juu ya ile kuukuu, tundu kwa tundu, hasa yale madogo ya maji. Beba kipuri cha zamani mpaka dukani, na usikitupe mpaka kipya kiwe kimefungwa na injini imetembea.